Mazungumzo Baada ya Habari: Dawa ya Kuacha Sigara na Akili ya Askari

Askari anayelinda usiku huko Mbugangari, mjini Gisenyi, karibu na mpaka wa Goma, ana silaha mkononi; akili yake haina budi kuwa timamu. Akitaka kuacha sigara, ana haki ya kuuliza kama vidonge vya vareniklini havitamvuruga.

Hofu hiyo ina chanzo. Mwezi Mei 2008 Marekani iliwakataza marubani kuvitumia, na Julai 2009 ikaamuru vitolewe na onyo kali juu ya huzuni nzito, uhasama na mawazo ya kujiua. Lakini uchunguzi wa watu zaidi ya 8,000, uliotangazwa mwaka 2016, haukuona madhara hayo yakizidi kwa kiasi cha kutajika yale ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Desemba ya mwaka huo onyo hilo kali likaondolewa.

Aghalabu kinachomchafua mtu ni kuikosa nikotini yenyewe: hasira, majonzi, usingizi wa mang'amung'amu. Waliopata kuugua akili hutaabika zaidi, wameze dawa au wasimeze. Kambini ugonjwa huo hufichwa kama aibu, na hapo ndipo penye hatari. Askari wa namna hiyo amweleze daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Na akiuona moyo umegeuka, aache kumeza, amwarifu mkuu wake, na bunduki ikae ghalani hadi apimwe.