Mchezo wa Watoto Uliobaki Mikononi mwa Wazee

Mada kwa semina ya makocha na wasimamizi wa michezo ya ufukweni

Nyinyi vijana mlioacha wageni ufukweni asubuhi hii mkaja kunisikiliza: naanza na meza. Katika kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja kuna mzee anayeuza pweza juu ya ubao wa windisafu. Ubao wenyewe ni wa miaka ya 1980, mrefu kuliko mlango wa nyumba yake, na umelazwa juu ya matofali manne. Tundu lililokuwa likishika mlingoti sasa linapitisha maji ya pweza. Niliwauliza watoto waliokuwa wakicheza hapo ule ubao ni wa nini. Mmoja akasema ni meza. Mwingine, mkubwa kidogo, akasema ni kaiti ya zamani.

Nimekuja kuzungumzia jibu la huyo wa pili. Kijana wa pwani yetu anajua kaiti, yaani ubao unaovutwa na tiara, anajua bawa la mkononi, na kama amefanya kazi kwenye shule za Paje au Jambiani huenda anazifundisha kwa lugha tatu. Windisafu, yaani ubao wenye tanga, anaiona kama kitu cha babu wa Kizungu. Na hakosei sana. Nenda Tarifa kule Hispania, au Hood River kwenye mto Columbia, Marekani, uangalie wanaofunga matanga kwenye maegesho ya magari. Vichwa vingi ni vyeupe. Waliojifunza miaka ya 1980 bado wapo, ila nyuma yao foleni ni fupi.

La kushangaza ni kwamba mchezo huu ulianza utotoni kabisa. Mwaka 1958, katika kisiwa cha Hayling kusini mwa Uingereza, mvulana wa miaka 12 aitwaye Peter Chilvers alijitengenezea ubao wenye tanga la kushikwa kwa mikono. Mwaka 1965 Mmarekani Newman Darby akachapisha michoro ya ubao wake katika jarida la Popular Science. Kisha Hoyle Schweitzer na Jim Drake wa California wakaombea hataza chombo chao mwaka 1968, na hicho ndicho kilichoenea duniani. Walipotaka kuwazuia wengine kutengeneza, kesi ilifika Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1985, na kile chombo cha mtoto wa Hayling kikasaidia kuibatilisha hataza yao huko. Mwaka 1976 bingwa wa dunia alikuwa Robby Naish, mwenye umri wa miaka 13. Leo Naish amepita miaka 60 na bado yumo majini. Nikiambiwa nieleze historia ya mchezo huu kwa mtu mmoja, nitamtaja yeye: kizazi kilekile kimekua nao, na sasa kinazeeka nao.

Siri ya chombo iko kwenye kiungo cha chini ya mlingoti, kinachouwezesha kulala pande zote. Ngalawa ina usukani, ubao huu hauna. Ukiinamisha tanga mbele, omo inaangukia demani. Ukiliegemeza nyuma, ubao unapanda joshi. Mtoto aliyekulia kwenye ngalawa ya baba yake hahitaji kuchorewa jambo hilo ubaoni. Nimemwona mmoja akibisha siku yake ya pili, wakati mgeni aliyelipia kozi ya wiki nzima bado alikuwa anaopolewa demani kwa boti.

Basi nini kilitokea? Miaka ya 1970 kulikuwa na ubao mmoja wa aina moja, wenye urefu wa kama mita 3.6, na tanga moja. Kampuni ya Ten Cate ya Uholanzi iliutengeneza kwa wingi, na Ulaya ikaingia wazimu. Baba, mama na watoto walipokezana ubao mmoja ziwani, kwa upepo mdogo, Jumapili. Mwaka 1984 mchezo ukaingia Olimpiki ya Los Angeles, na Mholanzi Stephan van den Berg akachukua dhahabu. Wanawake wakapata mashindano yao Barcelona, 1992.

Hapo katikati watengenezaji walifuata mabingwa. Kutoka Hawaii zikaja mbao fupi, nyepesi, za kurukia mawimbi. Tamu kweli, lakini ubao mfupi ukisimama juu yake pasipo upepo unazama nawe. Anayeanza hawezi kulivuta tanga kutoka majini akiwa amesimama juu yake; lazima ajue kuanzia ndani ya maji, akinyanyuliwa na tanga lenyewe, na ufundi huo huchukua miezi. Upepo wa ziwani wa Jumapili haukutosha tena. Tanga moja likawa manne au matano, mlingoti ukawa wa kaboni, paa la gari likajaa. Muuzaji dukani akawa anazungumza na mtu anayejua tayari. Mama aliyekuwa akipokezana ubao na watoto alirudi nyumbani, na watoto wake wakaenda naye.

Lawama naiweka hapo, wala siipeleki kwa kaiti. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliombea hataza tiara yao ya kujazwa upepo mwaka 1984, lakini kaiti haikuanza kuuzwa kwa wingi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo windisafu ilikuwa imekwisha kuwapoteza wanaoanza. Kaiti ilikuta mlango uko wazi. Inaingia kwenye begi la mgongoni, unapanda nayo daladala. Hata wakubwa wa mchezo waliyumba: Mei 2012 shirikisho la kimataifa la matanga lilipiga kura ya kuitoa windisafu Olimpiki ya 2016 na kuingiza kaiti, kisha Novemba mwaka huohuo likajirudi.

Sitaki mnisikie nikiwabeza wazee. Ukishaupata ufundi huu huuachi, na mwili unaruhusu, kwa sababu mvuto wa tanga haubebwi na mikono bali na mkanda wa kiunoni wenye ndoano. Björn Dunkerbeck, aliyezaliwa mwaka 1969, alivuka kilomita 100 kwa saa kule Lüderitz, Namibia, mwaka 2021, akiwa na miaka 52. Ni michezo mingapi ambayo mtu wa umri huo bado anakimbizana na rekodi? Hao ndio wanaonunua vifaa na kuyaweka maduka hai. Tatizo ni kwamba duka linalohudumia wateja hao peke yao linazeeka pamoja nao.

Kuna wanaosema mwokozi ni foili, lile bawa la chini ya maji linaloinua ubao mzima juu. Katika Olimpiki ya Paris 2024, mashindano yakifanyika Marseille, chombo kilikuwa iQFoil: tanga la mita za mraba 9 kwa wanaume na 8 kwa wanawake, na nguzo ya sentimita 95 chini ya ubao. Kweli linaruka kwa upepo mdogo, na vijana wanalipenda. Lakini hapa kwetu nguzo ya sentimita 95 ni mzaha. Maji yakipwa siku ya bamvua, kati ya ufukwe na mwamba mtu anatembea kwa miguu, na mama zetu wapo humo na vigingi vyao vya mwani. Sijaitaja bei, nikiitaja nitawaharibia chai.

Mfano ninaoupenda uko mbali kidogo, Bonaire, kisiwa kidogo cha Karibi kilicho chini ya Uholanzi. Kina ghuba iitwayo Lac: maji ya kiunoni, mchanga mweupe, upepo wa kuaminika unaovuma upande mmoja. Wageni walikuja na vifaa vyao, na watoto wa wavuvi wakaanza kucheza na vilivyochakaa. Mtu wa kisiwani, Elvis Martinus, akawashika mkono. Kutoka kundi hilo wakatoka Tonky na Taty Frans na Kiri Thode, wanaojulikana popote mchezo huu unapochezwa. Jirani zao wa Aruba wana Sarah-Quita Offringa, bingwa wa dunia mara nyingi. Watoto wa Lac hawakusubiri vifaa vipya.

Ndiyo maana siwaombi muache kaiti. Kaiti inalipa karo za wadogo zenu. Naomba kitu kidogo zaidi: mbao ndefu na pana, zile zinazoelea na mtu mzima amesimama, na matanga madogo ya watoto. Ulaya kwenyewe wameanza kuzirudia; ubao ule wa zamani umetengenezwa upya, mwepesi zaidi, kwa jina la Windsurfer LT, na una mashindano yake. Shule za ufukweni zina mbao kuukuu stoo ambazo hakuna mgeni anayezikodi. Mafunzo yafanywe maji yakiwa yamejaa, nje ya mashamba ya mwani, maana pezi la ubao mrefu hukata kamba, na mwenye kamba hasahau. Kaskazi inafaa kuanzia kuliko kusi iliyokolea. Na wasichana wawe nusu ya darasa tangu siku ya kwanza. Kwenye ngalawa hatukuwapa nafasi hiyo, na mchezo huu hauna mila ya kutuzuia.

Mwalimu wa kwanza anaweza kuwa mmoja wa wale babu wa Kizungu wanaorudi kila mwaka kwenye nyumba za wageni. Nimezungumza na wawili, wako tayari, hawataki malipo. Kilichobaki ni vifaa. Ule ubao wa pweza nimekwisha kuuulizia bei. Mzee anasema ataniachia, ila kwanza nimletee meza.