Mkanda Unaoteleza



Mvua za kwanza zinaponyesha hapa Songea, kila mmoja wetu hutaka shamba lake la mahindi lilimwe leo. Msimu mmoja trekta dogo la kikundi chetu, lile la kuongozwa kwa mikono miwili, lilinguruma bila kusogea, na harufu ya mpira unaoungua ikatanda. Tulimlaumu kijana dereva, tukathubutu kumwita mzembe na mwizi wa dizeli. Yeye alizima injini, akafungua kifuniko.

Mikanda ilikuwa imelegea na kulowa oili iliyovuja, ikawa inateleza juu ya puli. Kuikaza tu kusingefaa. Na kuikaza kupita kiasi kungeumiza beringi. Basi akaziba uvujaji, akasafisha puli, akafunga mikanda mipya yote pamoja, maana mpya ukichanganywa na mikuukuu hubeba mzigo peke yake. Akaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea kidogo tu. Mwisho akaupa mkono wa klachi nafasi ndogo ya kucheza, ili klachi ishike barabara.

Kumbe alikuwa ametuomba fedha za mikanda mara mbili, nasi tukamnyima.

Ndugu, nguvu za injini hazifiki shambani pasipo kiungo kilicho imara. Nasi tuliokuwa wepesi wa kusali tulikuwa wazito wa kuaminiana. Mikanda tuliilipia siku ile. Jina jema la kijana tulichelewa kulirudisha. Tuliyemsingizia, tumwendee leo, kabla ya kuikaribia altare.

Amina.