Nyumba Yetu, Ardhi ya Mtu: Hotuba Juu ya Kupanga Viwanja Likoni, Kisauni na Changamwe



Wako waliotuuliza kwa nini chama cha wafanya kazi kiache habari za mshahara na saa za kazi, kikazungumze habari za vichochoro na vyoo. Jawabu letu ni fupi. Mshahara huingia mfukoni kazini, lakini hutoka mfukoni nyumbani. Kodi ya chumba, kodi ya kiwanja, maji ya mtungi, dawa ya mtoto anayeharisha: vyote hivyo vyategemea jinsi nyumba zilivyopangwa. Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika migomo ya Mombasa ya mwaka 1939 kodi ya nyumba ilikuwa miongoni mwa madai. Na mgomo mkuu ulioanza tarehe 13 Januari 1947, ambao wafanya kazi wapatao 15,000 waliacha kazi, ulitokana na ughali wa maisha. Basi sisi hatuanzi jambo jipya. Twaendeleza la zamani.

Kwanza natutazame hali yetu ilivyo. Hapa pwani tuna desturi ambayo mgeni wa kutoka bara ya mbali huiona ajabu: nyumba yaweza kuwa ya mtu mmoja, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Twaiita nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi hukata viwanja, naye mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi, kisha hujenga kwa fedha zake: boriti, fito, udongo na makuti hapo zamani, na siku hizi mabati na matofali. Nyumba ya Kiswahili twaijua sote. Mbele baraza, katikati ukumbi, vyumba vitatu kuume na vitatu kushoto, na nyuma ua wenye jiko, choo, na pengine kisima. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki hupangisha wenzetu. Kwa hiyo katika mkutano huu wamo wenye nyumba wasio na ardhi, na wamo wapangaji wasio na nyumba wala ardhi. Wote wawili huumia pale viwanja vinapopangwa vibaya.

Msidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Uingereza wako watu wengi wanaokaa katika nyumba za kuhamishika, zilizowekwa juu ya ardhi ya mtu mwingine kwa kodi, kama sisi. Huko, kwa sheria ya mwaka 1960, mwenye ardhi hana ruhusa ya kupanga nyumba hizo bila leseni ya serikali ya mtaa, na leseni hiyo huja na masharti. Vipimo vya mfano vinasema hivi: kati ya nyumba na nyumba ziwe mita 6, nyumba isikaribie mpaka wa shamba chini ya mita 3, na asiwepo mtu aliye mbali zaidi ya mita 30 na mahali penye vifaa vya kuzimia moto. Baadaye, mwaka 1983, ikatungwa sheria nyingine ya kumlinda mwenye nyumba asifukuzwe ovyo. Tazameni mpango wao: usalama wa mwili na usalama wa kukaa huenda pamoja. Kipimo bila ulinzi ni nusu ya haki, na ulinzi bila kipimo ni nusu nyingine.

Pengine mtu atasema, hao ni matajiri, sisi hatuwezi mita 6. Haya, natuchukue kipimo cha chini kabisa. Mashirika ya misaada yanayopanga kambi za watu waliokimbia vita na mafuriko hutumia vipimo viitwavyo Sphere. Humo imeandikwa kwamba kati ya jengo na jengo pasipungue mita 2. Kwamba katika kila mita 300 za majengo liachwe pengo la mita 30 la kuzuia moto. Kwamba choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20, wala kisiwe mbali na nyumba zaidi ya mita 50. Na kwamba kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku. Ndugu zetu, hicho ni kipimo cha kambi ya watu waliopoteza kila kitu. Sisi ni watu wa kazi na twalipa kodi kila mwezi. Je, vijiji vyetu vyafikia hata kipimo hicho?

Natuhesabu pamoja. Nyumba ya vyumba sita, watu watatu kila chumba, ni watu 18. Kwa choo kimoja, hapo twapita, ingawa kwa shida. Lakini tukiweka watu watano kila chumba, kama wengi wetu tunavyokaa, ni watu 30, na choo ni kile kile. Tena maji: watu 18 kwa lita 15 ni lita 270, yaani mitungi 13 na nusu ya lita 20. Kila mmoja na ajiulize nyumba yake hununua mitungi mingapi, na kwa bei gani, siku mfereji ukikauka.

Na hapo ndipo kisima kinapoingia. Kisauni na Likoni wengi wetu twategemea visima. Kipimo kinasema shimo la choo liwe mbali na kisima mita 30 au zaidi, na chini ya shimo pabaki mita moja na nusu kabla ya kufikia maji. Lakini ardhi yetu kwa sehemu kubwa ni ya mawe ya matumbawe, nayo yana nyufa. Uchafu hauchujwi kama unavyochujwa katika mchanga, bali hupita ufa hadi kisimani. Kwa hiyo hata hizo mita 30 si dhamana. Ukiwa na kisima uani na choo uani, na ua wenyewe ni hatua kumi, basi maji hayo ni ya kufulia na kuoshea sakafu. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Hilo twaweza kulifanya leo jioni, bila kumngoja mtu.

Sasa twataka kusema neno chungu, nanyi mtuwie radhi. Ni rahisi kumlaumu mwenye ardhi na serikali. Lakini vichochoro vyetu vimeliwa na nani? Kijiji huanza na njia zilizonyoka, mkokoteni na gari hupita. Kisha mmoja wetu huongeza chumba ubavuni ili apate kodi. Jirani yake naye huongeza. Wa tatu hujenga kibanda cha kuuzia mboga, wa nne choo. Baada ya miaka michache maiti hutolewa kwa kuinamishwa jeneza. Mwenzetu mmoja, mtu wa gatini, alituhadithia usiku nyumba ya jirani yake iliposhika moto. Gari la zimamoto lilifika, wala halikuchelewa sana. Lilisimama barabarani, taa zikiwaka, kwa kuwa mbele yake palikuwa na chumba kilichojengwa njiani. Nyumba tatu ziliteketea. Kisha akatuambia, "Chumba kile kilikuwa changu." Hatukuwa na la kumjibu. Wengi wetu tungeweza kuwa yeye.

Tena kuna hatari ya pili. Kijiji kilichobanana ni rahisi kubomolewa, kwa maana kila mtu aweza kusema hapa hapana mpango. Na siku hati za ardhi zinapokuja, huja pamoja na ramani. Mwajua shamba la Waitiki huko Likoni, ekari zipatazo 930, ambalo watu waliingia wakati wa machafuko ya mwaka 1997, na ambalo hati zake zilianza kutolewa Januari 2016. Miaka kama 19 ilipita. Katika muda kama huo watu hujenga, na ramani ikija kuchorwa juu ya nyumba zilizosimama, njia haipatikani ila kwa kubomoa. Ni nafuu zaidi kuiacha njia mapema kuliko kuinunua baadaye kwa kuta za mtu. Ndiyo sababu katika miradi ya viwanja vilivyopimwa, kama ule wa Mikindani, njia na mifereji hutangulia, kisha mjenzi hufuata.

Sheria nayo si adui yetu tukiijua. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao ya kufaa na ya usafi wa kiasi kizuri. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inasema hata mtu aliyekaa juu ya ardhi ya mwingine bila idhini apewe kwanza notisi ya maandishi ya miezi 3. Ikiwa huyo ana miezi 3, basi sisi tulio na idhini na tunaolipa kodi tusikubali kufukuzwa kwa neno la mdomo. Lakini idhini yataka ushahidi. Dai stakabadhi ya kila malipo, uiweke mahali pakavu. Asiye na stakabadhi ataonekana kama mvamizi mbele ya hakimu.

Basi twapendekeza mambo manne, mkutano uyakubali au uyakatae.

La kwanza, kila tawi linunue kamba ya mita 30, itiwe fundo kwenye mita 2 na mita 6. Jumapili moja vijana wapime kila kichochoro, kila choo na kila kisima, na waandike.

La pili, mwanachama yeyote asijenge tena njiani. Aliyekwisha kujenga aitwe kwa heshima mbele ya wazee wa mtaa, na atafutiwe njia ya kurudi nyuma bila kuvunjiwa usiku.

La tatu, wenye nyumba na wapangaji wapeleke maombi kwa pamoja kwa mwenye ardhi na kwa Kaunti: njia moja pana ya gari la zimamoto katika kila kijiji, na mfereji wa maji karibu nayo.

La nne, chama kiweke sanduku la nakala za stakabadhi.

Tukipima wenyewe, tutakwenda mbele ya mwenye ardhi na mbele ya Kaunti tukiwa na hesabu mkononi. Tusipopima, watapima wengine, na kamba yao haitaanzia mlangoni petu.

Umoja ni nguvu.