Msitu Usio na Watoto

Tumeombwa tuwaeleze habari za kisiwa cha Sokotra, nchi ya Yemen, tulikokwenda kutembea.

Tulipanda uwanda wa juu wa Diksam, wenye mawe ya chokaa. Tulipofika ukingoni tukaona chini yetu korongo refu la Dirhur, lililochimbwa na maji, na mitende ndani yake. Ng'ambo ni msitu wa Firmihin. Kila mti ni kama mwavuli uliofunguliwa, na utomvu wake ni mwekundu. Waarabu huuita damu ya ndugu wawili. Majani yake hunasa ukungu, na matone hushuka yakainywesha nchi.

Lakini tulipotafuta miche hatukuiona, ila ndani ya nyua zilizozungushiwa boma. Mbuzi huila ingali michanga. Tena Novemba 2015 tufani mbili, Chapala na Megh, ziliangusha miti mingi. Na mti huu hukua polepole mno. Aupandaye leo huwapandia wajukuu.

Mabwana, mji usio na watoto haudumu, na msitu vivyo hivyo. Basi kila mmoja aangalie msitu wa kwao: je, miche imo?