Kompyuta Peke Yake Haitoshi



Ndugu zangu vijana wa Waberi, na wazazi wetu mnaouza mbuzi kulipa karo. Wengi wenu mwasema, "Nikijua kompyuta, kazi nimepata." Lakini kompyuta hutumiwa na watu.

Tazameni M-Pesa. Mwaka 2005 ilijaribiwa Nairobi na Thika ili watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaanza kuitumia kutumiana pesa. Wenye mradi walipoona hivyo wakairahisisha, na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kwa kazi hiyo ya kutumiana pesa.

Sasa wewe unayechagua kozi: mifumo ya habari katika biashara itakufunza pesa na bidhaa zapitia wapi, na nani aandika nini. Saikolojia ya kazini itakufunza kwa nini karani huficha daftari lake mfumo mpya ukiletwa. Mara nyingi ni hofu ya kufutwa. Usipolijua hilo, utafunga mashine nzuri na itaishia kufunikwa kitambaa.

Enda soko la mifugo hapa Garissa, umuulize dalali anavyoweka hesabu zake, kabla hujamwandikia programu.