Barabara Kwanza, Ukubwa wa Kiwanja Baadaye: Viwango vya Makazi na Maamuzi ya Halmashauri Dar es Salaam



Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 imeifanya kila halmashauri ya jiji, manispaa na mji kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Kwa hiyo swali la wapi pajengwe nyumba, wapi pawe soko na kiwanja kiwe na ukubwa gani linapita mezani kwenu, waheshimiwa madiwani, watendaji na wenyeviti wa mitaa. Mada hii inatetea jambo moja: tumetumia miaka mingi kulinda ukubwa wa kiwanja, na barabara tukaiacha ijitetee yenyewe.

Viwango tulivyorithi havikutokana na mahitaji ya wengi. Wakati wa ukoloni Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi: Oysterbay kwa Wazungu kwenye viwanja vipana, katikati ya mji kwa Wahindi, Kariakoo kwa Waafrika. Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili kuyatenga makundi haya mawili ya mwisho. Baada ya Uhuru majina ya rangi yalifutwa, tukabaki na ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Fikra kwamba makazi ya heshima sharti yawe na uwanja mpana haikufutwa. Kanuni za mwaka 1997 ziliweka kima cha chini cha mita za mraba 400 hata kwenye ujazo mkubwa, penye viwanja vidogo zaidi. Zimerekebishwa tangu hapo, lakini mitaa iliyoota nyakati hizo ndimo tunamoishi.

Mwananchi wa kipato kidogo hakusubiri kiwanja kilichopimwa. Alimfuata dalali. Pembezoni mwa jiji shamba hukatwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, au nusu ya hapo kwa asiye na fedha ya kutosha. Mauziano huandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, na mpaka wa huyu hukutana na mpaka wa yule. Njia haiuzwi, kwa sababu hakuna anayekuja kuinunua. Baada ya miaka michache pana nyumba imara za tofali na bati la rangi, na gari halipiti.

Tazameni uchochoro mmoja wa Tandale wakati wa masika. Wawili hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Gari la majitaka haliwezi kufika, hivyo shimo la choo likijaa mwenye nyumba hungoja mvua kubwa, akalitoboa ubavuni na kulitapisha. Uchafu hushuka na maji hadi uani kwa jirani wa bondeni, mahali watoto wanapochezea asubuhi. Sisemi hivi kumlaumu mwenye nyumba. Hana njia nyingine, kwa maana halisi ya neno hilo. Na nyumba ikishika moto, zimamoto husimama barabara kuu.

Sasa linganisheni na Sinza. Miaka ya 1970, katika mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, viwanja vilikatwa vidogo, barabara zikatengwa mapema, na mwananchi akaachiwa ajenge kadiri ya uwezo wake. Sinza ina kero zake: baa zimeingia kwenye viwanja vya makazi, na kubadili matumizi kwa kiwanja kimoja kimoja kumewakosesha wengi usingizi. Hata hivyo gari linaingia, na bomba lina pa kupita. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 nao ulikuwa na mpangilio mzuri, ila bei na ukubwa viliwaacha nje wanyonge. Viwanja vingi vilibaki vichaka kwa miaka.

Urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila mpango, tunaoufanya leo, ni kazi ya lazima, nami naiunga mkono. Lakini kila aliyekaa kwenye mkutano wa mtaa anajua ugumu wake: unamwomba mama mjane abomoe ukuta na choo ili njia ipanuke, na halmashauri haina fungu la fidia. Mita zilezile zingeachwa shamba lilipokuwa na mihogo, asingevunjiwa mtu.

Naomba, basi, mambo mawili. Wenyeviti wa mitaa, msigonge muhuri kwenye karatasi ya mauziano isiyoonyesha njia iliyoachwa. Waheshimiwa madiwani, mchoro wowote ukiletwa kwenye kamati yenu, ulizeni barabara na eneo la wazi kabla ya kuuliza idadi ya viwanja, na mkubali kiwanja kidogo ambacho mama lishe na fundi wa mtaani wanaweza kukilipia. Mashamba ya pembezoni yanakatwa wiki hii tunapojadili. Msiahirishe uamuzi huu hadi bajeti ijayo.