Bahasha ya Kupima Saratani: England Ilijifunza Nini?



Saratani ya utumbo mpana ina tabia moja ambayo hapana budi ieleweke kwanza: haina haraka. Aghalabu huanza kama kinyama kidogo katika ukuta wa utumbo, kisicho na maumivu, nacho huweza kuchukua miaka 10 au zaidi kugeuka saratani. Muda wote huo mwenye nacho hula na kufanya kazi kama kawaida. Ugonjwa ukigunduliwa mwanzoni kabisa, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ukishatawanyika mwilini, hubaki takriban 1.

Ndiyo maana hupimwa watu wasioumwa. Katika jaribio lililoanza Nottingham mwaka 1981, watu zaidi ya 150,000 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipelekewa kipimo cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho katika kinyesi. La pili halikupelekewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1996: vifo vya saratani hiyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 15 katika kundi la kwanza, na hesabu hiyo iliwajumuisha hata wale waliokipuuza kipimo.

Mwaka 2006 huduma ya afya ya taifa ilianza kuupima umma wa England. Wenye umri wa miaka 60 hadi 69 walipelekewa bahasha kwa posta kila baada ya miaka 2, bila malipo. Kila mmoja alitakiwa kupaka kinyesi kwenye kadi, kutoka vyoo vya nyakati 3 mbalimbali, kisha airudishe. Aliyeonekana na damu aliitwa achunguzwe kwa mpira mwembamba wenye kamera. Wengi wa walioitwa hawakukutwa na saratani. Hata bawasiri hutoa damu.

Je, nani alirudisha kadi? Katika mialiko milioni 2.6 ya kwanza, waliorudisha walikuwa asilimia 54. Katika maeneo ya wenye nafuu walifika asilimia 61. Katika maeneo maskini kabisa, asilimia 35. Kipimo kilikuwa kile kile, na bei ile ile, yaani bure! Ni rahisi kwa msomi kulitupia lawama hapo neno “ujinga”. Lakini mtu anayetumia choo kimoja na wenzake, anayerejea kazini usiku, ataiweka wapi kadi yenye kinyesi kwa siku kadhaa? Na anayeamini kwamba saratani ni hukumu ya kifo, kwa nini aitafute?

Mwaka 2014 kilijaribiwa kipimo kipya: kijiti kimoja, choo kimoja, kichupa kimoja. Waliorudisha walipanda kutoka asilimia 59 hadi 66, na hata waliowahi kuipuuza bahasha wakaanza kujibu. Mwaka 2019 kipimo hicho kikashika nafasi ya kadi England nzima, na tangu mwaka 2021 umri wa kuanza kupimwa ukashushwa hatua kwa hatua kuelekea miaka 50. Katika maeneo maskini nako idadi ilipanda, ila pengo halikuzibika.